Acha Kidogo Kibaki

Ganda la kamba haliyeyuki. Litie kwenye maji yanayochemka, litie kwenye spiriti, litie kwenye mafuta ya taa, bado utalikuta ganda. Kinacholipa ukaidi huo ni kitini, polima ya asili iliyo jamaa wa karibu wa selulosi ya pamba na mbao. Minyororo yake mirefu ya sukari imebanana kiasi kwamba maji hayapati upenyo. Lakini ukiifanyia minyororo hiyo badiliko moja dogo la kikemia unapata kitosani, na kitosani inaweza kuzuia damu inayovuja, ikafunika kidonda kilicho wazi, kisha ikaliwa polepole na mwili wenyewe. Nimefanya kazi kati ya vitu hivyo viwili tangu nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Kumbukumbu hizi naziandika kwa ajili ya vijana wanaoingia kwenye fani hii wakiamini kwamba ujuzi uko katika kubadili. Mimi nimeona uko katika kujua pa kuishia.

Maganda yangu ya kwanza yalitoka soko la Feri. Nilikuwa nikifika sokoni kabla jua halijakolea, kwa sababu joto la Dar es Salaam halina subira na kamba. Ganda likilala nje kwa saa chache tu, bakteria huanza kuikata minyororo ambayo mkemia anaitaka nzima. Mama mmoja aliyekuwa akimenya kamba kwa oda za hoteli aliniona nikijaza ndoo, akaniuliza, "Mwanangu, unafuga kuku?" Nikamweleza kwamba maganda ni ya kujaribia dawa ya kufunika vidonda. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi vichwa usichukue. Vichwa ndivyo vinavyoanza kuharibika." Akaanza kunitengea maganda ya mgongo na mikia.

Sababu yake niliikuta vitabuni baadaye. Kichwani mwa kamba kuna tezi iliyojaa vimeng'enya vya kusaga chakula, na kamba akishakufa vimeng'enya hivyo huanza kummaliza mwenyewe kuanzia hapo. Mama yule alikuwa amenipa kanuni ya kwanza ya malighafi, na hadi leo maabara ninayoisimamia haipokei vichwa.

Ganda lina vitu vitatu vikubwa: chokaa, protini na kitini. Chokaa huondolewa kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Ukiimimina, povu linapanda kwa kasi, ni kaboni dioksaidi inayotoka kwenye kalisiamu kaboneti, na chombo kikiwa kifupi litamwagika mezani. Povu likitulia, toa ganda ulisuuze, ulikunje kati ya vidole viwili: halivunjiki. Ule ugumu wote ulikuwa chokaa. Linalofuata ni kuliweka kwenye sodiamu haidroksaidi hafifu yenye joto, protini itoke, maji yabadilike rangi, harufu ya soko ipungue siku kwa siku hadi iishe. Kinachobaki ni vipande vyepesi, vyeupe au vyenye wekundu wa mbali. Hiyo ndiyo kitini. Mfaransa Henri Braconnot aliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1811, naye hakuitoa kwenye kamba bali kwenye uyoga.

Kemia hasa inaanzia hapo. Kila sukari kwenye mnyororo wa kitini imebeba nitrojeni, na karibu kila nitrojeni imevikwa kikundi kidogo cha atomi kiitwacho asetili. Kitini ikichemshwa kwenye sodiamu haidroksaidi nzito ya asilimia 40 hadi 50, kwenye nyuzi 100 hivi, asetili zinaanza kukatika. Mfaransa mwingine, Charles Rouget, alifanya jambo la namna hiyo mwaka 1859 kwa kutumia potashi. Zikishakatika zaidi ya nusu, kile kitu kisichoyeyuka sasa kinayeyuka kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 1, ambayo ni hafifu kuliko siki ya mezani. Ndani ya asidi, nitrojeni iliyovuliwa hupata chaji chanya, minyororo inasukumana, maji yanaingia. Chaji hiyo ndiyo inayofanya kazi kwenye jeraha pia. Chembe nyekundu za damu zina chaji hasi kwenye utando wake wa nje, kwa hiyo zinanasa kwenye kitosani na kurundikana hata pale ambapo mwili umezidiwa na hauwezi kugandisha damu yake. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha bandeji ya kitosani ya kamba iitwayo HemCon, na wanajeshi wa nchi hiyo wakaenda nayo Afghanistan na Iraq.

Mwanafunzi akishajua hayo hutamani kuziondoa asetili zote, apate kitosani ya asilimia 100. Profesa aliyenisimamia, mzee wa maneno machache, alipitia mpango wangu wa majaribio, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa muda wa kuchemsha, akasema, "Acha kidogo kibaki." Kisha akaniuliza, "Hiki kitu kikishaingia kwenye kidonda, nani atakitoa?"

Jibu lake liko kwenye machozi. Machozi, mate na majimaji ya kidonda yana kimeng'enya kiitwacho lisozimu, ambacho kazi yake ni kubomoa kuta za bakteria. Kuta hizo zimejengwa kwa sukari zenye asetili, na lisozimu huitambua kitosani kwa asetili hizohizo. Inahitaji kuzikuta kadhaa zikifuatana kwenye mnyororo ndipo ipate pa kung'ata. Kitosani iliyoachiwa asetili asilimia 30 hivi hukatwa vizuri. Iliyovuliwa karibu zote hukaa mwilini muda mrefu sana, kwa kuwa mwili hauoni tena pa kuishika. Anayetafuta ukamilifu kwenye chupa anautengenezea mwili mgeni asiyejua kuaga. Tangu siku ile sijapima kazi ya kubadili polima kwa wingi wa kilichobadilika. Napima kama mwili bado una njia ya kukitambua kilichobaki.

Shangazi yangu, aliyekuwa mkunga, alilijua jambo hili kwa vidole vyake. Alikuwa akiwashona mama waliochanika wakati wa kujifungua kwa uzi wa kromiki, yaani utumbo wa kondoo au ng'ombe uliosafishwa, ukasokotwa na kutiwa chumvi za kromu. Bila kromu, kolajeni ya uzi huo hulegea ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Ikitiwa kromu, minyororo yake hufungamanishwa na uzi hushikilia kwa siku kadhaa zaidi, kisha unaliwa bila kutolewa. Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza, alikuwa akiutumia mwishoni mwa karne ya 19, kabla mtu yeyote hajajua umbo la molekuli ya kolajeni. Shangazi alikuwa akisema tu, "Huu unasubiri nyama ishikane, halafu unajiondokea." Sijapata maelezo mafupi zaidi ya lengo la fani yetu nzima.

Tulipofanikiwa kupata utando wa kitosani ulionyooka na usio na viputo, niliupeleka wodi ya majeraha ya moto katika hospitali moja ya rufaa. Sikwenda kumwekea mgonjwa, kwa hilo hatukuwa na kibali, bali kuwaonyesha wanaofunga vidonda kila siku. Wodi ilikuwa na watoto wengi, walioungua kwa uji, kwa maji ya chai, kwa kibatari kilichoanguka. Sista mkuu, mama wa makamo, alinawa mikono akasema, "Hebu nipe, mdogo wangu." Akaulowesha utando kwa maji ya chumvi, akauvuta taratibu kuona kama unachanika, akaulaza mgongoni mwa kiganja chake, akasubiri, akaubandua kuanzia pembeni. "Huu sawa, unaachia," akasema. "Gozi ikikauka juu ya kidonda, kesho yake tunaitoa na ngozi mpya. Mtoto akiona trei tu anaanza kulia." Halafu akauleta puani. "Una siki. Kwenye kidonda kibichi huu utachoma."

Alikuwa na haki. Kitosani inayeyuka kwenye asidi, na asidi hiyo haiondoki yote utando unapokauka. Unaweza kuizima kwa alikali na kuusuuza utando, au unaweza kuibadili polima yenyewe kwa kuibandika vikundi vya kaboksimethili ili iyeyuke kwenye maji ya kawaida bila asidi. Njia ya pili inavutia, ila utando wake huyeyuka pia kwenye majimaji ya kidonda usipoufungamanisha minyororo. Hapo ndipo kila mmoja wetu hukutana na glutaraldehidi, kifungamanishi rahisi na chenye nguvu, ambacho masalia yake ni sumu kwa chembe hai. Wengi hukimbilia jenipini, itokanayo na tunda la gardenia ya Asia ya Mashariki. Ni ghali, lakini sumu yake ni ndogo zaidi kwa mbali, nayo hufunga nitrojeni za kitosani vizuri. Nikatengeneza utando wa jenipini. Ulikuwa imara, laini, hauna harufu. Na ulikuwa na rangi ya bluu iliyokolea, kwa sababu hiyo ndiyo rangi ambayo jenipini huitoa ikikutana na nitrojeni hizo.

Sista aliuinua kuelekea dirishani. "Nitaonaje kidonda?" Nilianza kumweleza matokeo ya vipimo vyetu, akanisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Mimi asubuhi nikifungua nasoma rangi. Wekundu wa kupona naujua, ukijani wa usaha naujua. Huu unanifumba macho." Hakuna jarida la sayansi nililokuwa nimesoma lililokuwa na safu ya kipimo hicho. Fomu zetu za maabara sasa zinayo: utando ukiwa umewekwa juu ya nyama, je, rangi ya chini inasomeka? Jenipini tumeibakiza kwa matumizi mengine, yale ambayo jicho la muuguzi halihitaji kupenya.

Baadaye nilipata nafasi ya kusoma Ghent, nchini Ubelgiji. Katika chuo kikuu cha mji huo Van Den Bulcke na wenzake walichapisha mwaka 2000 kazi ya kubadili jelatini kwa vikundi vya methakriloili. Jelatini ni kolajeni iliyochemshwa ikafunguka. Kwenye baridi inaganda, kwenye joto la mwili inakuwa maji, ndiyo maana peke yake haiwezi kushikilia umbo ndani ya mtu. Unaiyeyusha kwenye nyuzi 50, unaikoroga kwa nguvu, unadondosha anhidridi ya methakriliki polepole, nayo inajibandika hasa kwenye nitrojeni za laisini, moja ya asidi za amino zinazounda mnyororo. Ukija kuitia kemikali inayoamshwa na mwanga na kuimulika, minyororo inashikana na jelatini haiyeyuki tena kwa joto la mwili.

Kitendo chenyewe huisha ndani ya saa chache. Kuosha huchukua karibu wiki. Mchanganyiko unafungwa kwenye mfuko wa utando wenye vitundu vidogo mno, unalazwa kwenye maji ya nyuzi 40, na maji yanabadilishwa asubuhi na jioni ili asidi ya methakriliki iliyozidi itoke, maana hiyo huua chembe hai. Maji yanaonekana safi tangu siku ya pili. Harufu kali inabaki, kwanza wazi, halafu ya mbali, halafu mpaka ufumbe macho na kuinamia chombo ndipo uisikie. Mashine ya NMR, inayosoma muundo wa molekuli, itakuonyesha kwenye mizani yake kilele cha laisini karibu na 2.9 kikipungua na vilele vipya viwili vikichomoza kati ya 5 na 6, na utafurahi kwamba umeongeza ulichokusudia. Mgonjwa ataletewa pia kile ambacho hukukiondoa. Ninapowapima wanafunzi wangu, daftari la kuosha ndilo ninalofungua kwanza.

Kuna sababu ya jelatini hiyo kupendwa dunia nzima, na sababu hiyo haitoki kwa mkemia. Ndani ya mnyororo wake, asili imeacha mahali ambapo chembe za mwili hushika, ni mfuatano wa arjinini, glaisini na asidi ya aspatiki, pamoja na mahali ambapo vimeng'enya vya mwili hukata. Laisini haimo katika mfuatano huo wa kushikia, hivyo methakriloili inapita bila kuugusa. Ukizidisha vikundi hivyo unapata jeli ngumu ambamo chembe zimefungiwa zisiweze kutanuka wala kutembea. Ukipunguza mno, jeli inalegea mkononi. Katikati yake kuna eneo jembamba ambamo kitu kinasimama na chembe zinaishi, na kulitafuta eneo hilo ndiyo kazi.

Nikiwa likizo nyumbani, mjomba, ambaye ni imamu, aliniuliza swali ambalo maabara ya Ghent haikuwahi kuniuliza: "Hiyo jelatini ni ya mnyama gani?" Nikamjibu ukweli, kwamba nyingi inayouzwa kwa maabara hutoka kwenye ngozi ya nguruwe, nyingine kwa ng'ombe. Masheikh wana maoni tofauti kuhusu kitu kilichogeuzwa na kemia, na mjomba alinieleza hoja za pande zote mbili bila haraka. Alichosisitiza ni kwamba mgonjwa aambiwe kabla ya kufungwa bandeji. Nakubaliana naye, na kwa watu wa pwani yetu naliona ni suala la uhandisi sawasawa na ugumu wa jeli. Viwanda vya samaki vya Mwanza hukata minofu ya sangara na kubakiza ngozi, na jelatini ya samaki wa maji ya joto hukaribia zaidi ile ya ng'ombe katika kuganda kuliko ya samaki wa bahari za baridi. Njia hiyo iko wazi kwetu kuliko kwa Wabelgiji.

Si kila cha kwetu kinafaa, nalisema hilo kwa upole kwa sababu najua linavunja moyo. Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, mkulima wa mwani alinishika mkono akaniuliza, "Na mwani wetu je, mwanangu, hauwezi kuwa dawa?" Kilimo cha mwani Zanzibar kilianza mwaka 1989, kimebebwa zaidi na migongo ya wanawake, na bei yake haijawahi kulingana na jasho lao. Kinachotolewa humo ni karajini, nzuri kwa kugandisha maziwa na kushikilia dawa ya meno. Lakini karajini ikidungwa kwenye unyayo wa panya, unyayo unavimba, na tangu 1962 wanasayansi wamekuwa wakitumia uvimbe huo kupima dawa za kutuliza uvimbe. Aina inayovimbisha zaidi siyo ile inayolimwa kwa wingi Zanzibar, na wapo watafiti wanaozibadili karajini nyingine ili zibebe dawa au chembe. Nilimwambia yote hayo, pamoja na unyayo wa panya. Akasema ni bora ajue. Kitu kuwa cha asili hakujawahi kuwa cheti cha kuingia mwilini, na ningependa watangazaji wa dawa za asili mitandaoni walijue hilo kama alivyolijua yeye jioni ile, akiwa bado na kamba za mwani begani.

Leo tuna utando unaoachia kidonda, usio na siki, unaoacha rangi ya chini isomeke. Kinachotukwamisha ni kwamba maganda ya mwezi huu si maganda ya mwezi ujao. Kamba wa delta ya Rufiji na kamba wa Bagamoyo hawafanani, aliyetoka kujivua ganda hafanani na aliyekomaa, na ndoo iliyokaa juani ina endotoksini, mabaki ya bakteria ambayo moto wa kawaida wa kuua vijidudu hauyaondoi na ambayo humpandishia mgonjwa homa. Hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu jaribio kwa watoto wale wa wodini ikiwa kila kundi la utando lina tabia yake, na haipaswi kuruhusu.

Ndiyo sababu siku hizi natumia muda mwingi kuzungumza na wenye mashua na wachuuzi kuliko na wakemia wenzangu. Ninachowaomba ni ndoo mbili na barafu. Vichwa ndoo moja, maganda ya mgongo na mkia ndoo nyingine, barafu juu yake saa ileile ya kumenya, na kipande cha karatasi kinachosema kamba wamevuliwa wapi na lini. Wachache wameshaanza. Malipo tunayowapa kwa kilo ya maganda bado ni madogo kuliko yanavyostahili, nami nimeomba yapandishwe kwenye bajeti ijayo, kabla ya kuomba mashine yoyote mpya.